Kisanduku cha Buluu

Mjukuu wangu, alipokuwa akifagia chumba cha nyuma wiki iliyopita, alikikuta kisanduku cha buluu na cheusi chenye pembe mbili, akakitia katika ndoo ya takataka, na nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu: "Babu, hii redio ilikufa zamani." Niliinama nikakiokota. Kilikuwa ruta, Linksys WRT54G, ijapokuwa katika jambo moja kijana alipatia bila kujua, kwa kuwa ruta isiyotumia waya ni redio kweli, na mtu aliyeniuzia alianza maisha yake kwa redio.

Kabla ya simu za mkononi, sisi wa mji wa Kalemie tuliotaka habari za Lubumbashi au Uvira tulikwenda foni, yaani kwenye redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Kibanda cha mzee yule aliyeniuzia ruta kilikuwa upande wa bandari, na harufu yake naisikia hata leo: tindikali ya betri ya gari, ikichanganyika na ndagala walioanikwa nje, na jasho la watu waliobanana juu ya benchi moja wakingoja zamu. Mzee aliandika kila jina katika daftari, akainama juu ya chombo, akaita mara tano, mara kumi. Na kwa kuwa sauti ilisikika na wote, harusi ya mmoja ilikuwa furaha ya benchi zima. Walakini ilipokuja habari ya msiba, alikuwa akiinua mkono, nasi sote tulitoka nje, tukasimama juani mpaka mwenye msiba atoke. Hakuna aliyetufundisha ada ile ila yeye.

Foni ilipokosa wateja, alifungua siberi, duka la intaneti, yenye dishi, ambayo barua zake zilipanda takriban kilomita 36,000 hadi kwenye setilaiti kisha zikarudi, hata tukazoea kungoja. Siberi nayo ikafungwa, akaniuzia ruta. Nilidhani ilikuwa 2008. Risiti yasema 2010. Basi na iwe hivyo.

Alikuja mwenyewe kuifunga. Modemu ndogo ilichomekwa katika kompyuta, na Windows ikaamriwa igawe intaneti. Kompyuta ikajipa anwani ya 192.168.0.1, ikawa ndiyo yenye kuvipa vifaa vingine anwani zao. Kwa hiyo aliizuia ruta isigawe anwani zake yenyewe, kisha waya wa kompyuta akauingiza katika mojawapo ya yale matundu manne, wala si lile la tano lililotengwa kwa intaneti, ili ruta iwe daraja tu. "Nyumba haiwezi kuwa na wagawaji wawili, Bwana," alisema, "vifaa vitapotea njia." Umeme wa kituo cha Bendera ulipokatika, ruta, iliyotaka volti 12, tuliiunga na betri ya pikipiki, na kompyuta ya mkononi ikaishi kwa betri yake. Jirani wa kulia na wa kushoto walipewa neno la siri, na sharti lilikuwa moja: mwanafunzi akiwa anapeleka kazi yake chuoni, asiwepo mwenye kutazama filamu.

Kisha kampuni ya simu ya Celtel iliyokwisha kuwa Zain ikawa Airtel, simu zikaja na intaneti zake, na kila mtu akanunua mega zake. Leo sebuleni kwangu huketi watu sita na simu sita. Mmoja mega zikimwishia hunyamaza kwa haya, ilhali ndugu yake aliye ubavuni anazo tele, na simu ile ile yaweza kumgawia kwa kuguswa mara mbili. Jambo hili laniudhi, tena laniudhi sana, kwa maana tulipokuwa na kidogo hatukunyimana.

Mzee wa foni tulimzika zamani. Jumamosi nilimwita mjukuu, tukaiunga simu yake na kompyuta kwa waya, na kompyuta na tundu la pili la ruta, kama nilivyofundishwa. Taa zimewaka, na jirani wa kulia amekwisha kupewa neno la siri.