Yai la Njia Panda

Kwa bibi yangu, Ng'ambo ya mji wa Unguja, ganda la yai halikutupwa zima. Ukishavunja yai, unaliponda ganda kiganjani mpaka liwe makombo, ndipo liende jaani. Ganda zima, alisema, ni chombo: mwenye nia mbaya huliokota akatia ndani yake alitakalo. Na yai lililokutwa njia panda alfajiri, liwe na maandishi au lisiwe nayo, hulisogelei. Unapita mbali, unasoma unachokijua, na ukifika nyumbani unaoshwa miguu. Niliyajua hayo kabla sijajua kusoma. Nilihama nayo hadi Muscat nilipoolewa, na kwa miaka mingi sikuyahesabu kuwa hofu. Niliyahesabu kuwa adabu.

Nashuhudia kwamba hofu ile imenitoka, na ilinitoka jikoni kwangu Al Khuwair, nikipika mayai ya kutisha kwa ajili ya karamu ya Halloween.

Pwani yetu yai lina mambo mawili. Ni chakula cha mzazi na mgonjwa, na ni haki ya mizimu. Kwenye mapango ya Unguja na Pemba utakuta mayai, chupa za marashi, ubani na sarafu, na walioviacha ni watu wanaosali swala tano. Hofu hii ina gharama yake, nami niliiona ikilipwa. Mwaka 1995, mwezi wa Ramadhani, habari za pepo aitwaye popobawa zilianza Pemba zikavuka bahari hadi kwetu. Nilikuwa msichana wa shule. Tulilala uani pamoja na majirani, moto unawaka, wanaume wakishika zamu, kwa sababu ilisemwa kwamba popobawa humjia aliyelala peke yake chumbani. Hakuna niliyemfahamu aliyemwona kwa macho yake. Lakini mtu mmoja, mgonjwa wa akili aliyekuja mjini kutafuta matibabu, alishukiwa kuwa ndiye, umati ukamuua. Popobawa hakuacha hata unyoya. Watu waliacha maiti.

Nilipofika Oman nilidhani mambo hayo yamebaki upande wa pili wa bahari. Kumbe Oman na Unguja zimepeana kila kitu tangu Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19: halua, kanzu, majina ya koo, na vitisho pia. Hapa ukitaja Bahla, mji wenye ngome kongwe ya udongo iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987, watu wazima hupunguza sauti. Bahla inasifika kwa majini. Wazee wetu waliokuja baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 waliwasimulia wajukuu habari za Pemba, wenyeji wakajibu kwa habari za Bahla, na mtoto wa Muscat akarithi zote mbili.

Mwanangu wa mwisho ni mmoja wao. Hajapata kuliona jaa la Ng'ambo, lakini alikuwa hapiti ukumbi wa nyumba yetu taa ikiwa imezimwa. Akienda chooni usiku lazima mtu asimame mlangoni na aendelee kuongea, ili ajue bado yupo. Madaktari hawakuwa na la kutibu. Mtoto alikuwa mzima, na nyumba ilikuwa na milango tu.

Jirani yetu wa ghorofa ya juu ni mwalimu kutoka Ayalandi. Mimi hupika vitafunio vya kuuza, katlesi, sambusa na chopsi za mayai, na yeye alikuwa mteja wangu. Oktoba moja alikuja kuniomba nimtengenezee sinia za mayai ya kutisha kwa karamu ya tarehe 31, yeye na wazazi wenzake waliyokuwa wakiwaandalia watoto. Hapa Muscat Halloween huioni barabarani. Hufanywa majumbani na nyuma ya kuta za mitaa wanakokaa wageni, pengine mpita njia asijue. Nilimuuliza wanasherehekea nini hasa, na jibu lake sikulitazamia. Alisema jambo hili lilianzia kwao. Waselti wa kale waliamini kwamba usiku ule, mavuno yakiisha na baridi ikianza, wafu na pepo hupata njia ya kuja kwa walio hai. Baadaye watu wakawa wanajifunika sura ili wasitambuliwe, wakachonga tanipu wakatia taa ndani yake. Boga lilikuja baadaye, watu wa Ayalandi walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19 na kukuta maboga makubwa yanayochongeka kwa urahisi.

Nilimsikiliza nikamwona bibi yangu. Watu wa mvua na ukungu, wasiopata kuiona bahari yetu, nao walikuwa na njia panda yao. Tofauti ni kwamba wao walifika mahali wakaanza kuicheza, wakawapa watoto.

Dada yangu mkubwa alipopata habari alinipigia simu kutoka Unguja. "Mdogo wangu, umekosa cha kupika mpaka upikie mashetani?" Nilimjibu kwa heshima, maana yeye ndiye aliyenilea baada ya mama: sherehe ni yao, mayai ni yangu, na sitaifanya nyumbani kwangu. Nilimkumbusha pia kwamba katikati ya Ramadhani watoto wa Oman hutoka usiku kwa Qaranqasho, wanagonganisha kauri na mawe, wanaimba mlango kwa mlango wakipewa peremende, karanga na sarafu, wala hakuna anayesema wameingia ukafiri. Sisemi ni kitu kimoja. Nasema mtoto wa kila mahali hupenda kutoka usiku na wenzake akabisha hodi asiogope.

Sasa mayai. Usitumie yaliyotagwa leo. Yai likikaa juma zima, hewa ya kaboni hutoka kidogo kidogo kupitia vitundu vya ganda, ute unapungua asidi, na likichemshwa linaambuka bila kuchubuka. Yatie kwenye maji yanayochemka, uyaache kama dakika kumi, kisha uyatumbukize kwenye maji ya barafu. Kwa mtandao wa buibui, gonga ganda kote kwa mgongo wa kijiko, livunjike lakini lisibanduke, halafu ulaze mayai usiku kucha kwenye friji ndani ya chai nzito yenye chumvi, mdalasini na ndimu kavu, zile nyeusi za hapa wanazoziita loomi. Chai hupenya kwenye nyufa tu.

Kazi ya kugonga nilimpa mwanangu. Aliifanya kwa uangalifu kupita umri wake, ulimi nje, akiliinamia kila yai. Asubuhi nilibandua la kwanza. Weupe wake ulikuwa umechorwa mistari ya kahawia, myembamba, inayokutana na kuachana, na mkono wangu ukagoma. Michoro ile ilifanana mno na ile niliyokatazwa kuitazama. Nilisimama na yai kiganjani nikiisikia sauti ya bibi kana kwamba yuko nyuma yangu. Mwanangu akalichukua, akalizungusha kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mama, ufa huu niliupiga mimi. Na huu. Hapa kijiko kiliteleza." Alikuwa anaijua asili ya kila mstari. Pale mimi nilipoona mkono wa mtu asiyejulikana, yeye aliona mkono wake.

Hapo ndipo. Sikusikia radi wala sikulia, lakini kitu kilichokuwa kimekaza kifuani tangu utotoni kililegea, nikabandua la pili.

Tuliendelea mpaka adhuhuri. Kabichi jekundu tulilichemsha likatoa maji ya zambarau, tukayalaza humo mayai yaliyomenywa, yakatoka ya buluu kama maiti wa hadithini. Weupe wa yai si wa asidi, na rangi ya kabichi hugeuka inapokutana na kitu kisicho na asidi. Nilimweleza hivyo, akataka kujaribu kwa ndimu ili aone ikigeuka nyekundu, na iligeuka. Macho ndiyo yaliyotuchukua muda mrefu zaidi: yai nusu, kiini kimepondwa kwa mayonezi, haradali, ndimu na pilipili manga, kimerudishwa mahali pake, juu yake mkato wa zaituni nyeusi kuwa mboni, na mishipa ya damu imechorwa kwa tomato sosi kwa ncha ya kijiti. Buibui ni zaituni pia, nusu kwa mwili, na vipande vyembamba kwa miguu. Yakiwa yamejaa sinia yalitutazama kweli kweli. Mume wangu alipita kuchukua maji akageuza uso.

Sufuria moja niliisahau motoni ikapitiliza, na viini vyake vikatoka na pete ya kijani. Yai la namna hiyo bibi hakulila. Alilizika. Nami nilikuwa nikiyatupa bila kuuliza, mpaka siku ile mwanangu alipouliza rangi imetoka wapi, nikalazimika kwenda kusoma. Yai likikaa motoni mno, weupe hutoa gesi ya salfa, kiini kina chuma, na vinapokutana mpakani huzaa ule ukijani. Hauna madhara. Mwanangu alifurahi kuliko kwa yote mengine, akasema hayo ndiyo ya kutisha kabisa, yawekwe mbele.

Mwisho wa Oktoba joto la Muscat bado huvuka nyuzi 30, na yai lililopikwa halistahili kukaa nje zaidi ya saa moja katika joto hilo, kwa hiyo sinia tulizipandisha juu ya barafu. Watoto walipiga kelele, wakasukumana, wakala. Mwanangu hakula hata moja. Alisimama kando ya meza akimweleza kila mtoto jinsi lilivyofanywa, Kiingereza kikimwishia anaingiza Kiarabu, Kiarabu kikimwishia anaonyesha kwa vidole.

Hofu haikumtoka usiku ule. Kwa majuma kadhaa bado tulisimama mlangoni. Lakini alianza kuuliza maswali ya aina nyingine: kivuli hiki ni cha nini, sauti hii inatoka kwenye bomba lipi. Akawa anakwenda mwenyewe kutazama, na mwishowe hakuna aliyeitwa kusimama. Mimi naye tulifuatana. Bado nasoma Ayatul Kursi kabla ya kulala, wala sitaacha, kwa kuwa huko ni kumtegemea Mola wangu. Kuponda maganda nimeacha. Naona kwamba niliyachanganya mawili hayo maisha yangu yote, na kwamba imani yangu imekuwa nyepesi kubeba tangu yalipotengana. Dada yangu hakubaliani nami. Anasema ipo siku nitakumbuka. Hata hivyo aliniomba nimwandikie kipimo cha ile chai, awafanyie wajukuu zake sikukuu ya Idi, bila buibui.

Jirani yetu ameagiza tena mwaka huu. Mwanangu, ambaye amesikia habari za popobawa kwa mjomba wake, alitaka tumtengeneze kwa yai, mwenye mabawa na jicho moja. Nilikaa naye nikamweleza yale ya 1995 yote, tangu uani hadi yule mgonjwa aliyeuawa, kwa sababu anapaswa kujua watu wenye hofu huweza kufanya nini. Alifikiri, akaniuliza yule mtu alikuwa ametoka wapi, kama alikuwa na mama, na kwa nini hakuna aliyewazuia. Kisha akasema popobawa basi. Tutafanya popo wa kawaida, wale wala maembe, na mabawa yao tutayakata kwenye biringani za kukaanga.