Hodi Kabla ya Kambi

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, wanadamu hukutana. Methali hii husomeshwa tangu shule ya msingi, na aghalabu wanafunzi huelezwa kuwa maana yake ni moja: usimtendee mwenzio ubaya, kwani huenda mkaonana tena. Katika vilima vya Gusii, hata hivyo, methali hiyo ina upande wa pili ambao haugusiwi darasani. Huko, apandaye mlima hana budi kukutana na mtu, kwa kuwa hakuna mlima usio na mwenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili alilitambua jambo hilo uzeeni, baada ya kuifundisha methali hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwalimu huyo anaishi Nyanchwa, kilima kinachoutazama mji wa Kisii. Kila asubuhi atokapo nje huuona ukingo wa Manga, ng'ambo katika Kaunti ya Nyamira, umesimama mfano wa ukuta. Alikuwa ameutazama ukingo huo tangu utotoni, lakini kuupanda hakuwahi. Aliyemshawishi ni mpwa wake, kijana wa bodaboda. Kijana alikuwa na azma yake: alitaka kuanza kuwapeleka wageni Manga kwa pikipiki, walale kwenye hema ukingoni, walipie. Kabla ya kumchukua mgeni, alitaka kuijaribu safari yenyewe na mtu wa nyumbani.

"Mjomba," alimwambia, "Manga itakungoja, lakini magoti yako hayatakungoja."

Waliondoka Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba, kwani Jumamosi ni Sabato na Nyanchwa, palipo na misheni kongwe ya Waadventista, hutulia siku hiyo. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, baadhi ya wapendao kupanda milima kwa pikipiki hungoja majira ambapo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Gusii haina majira hayo. Oktoba ni mwezi wa mvua, katika nchi ambayo haikosi mvua karibu mwaka mzima. Mchana, upepo wa Ziwa Victoria huingia bara ukakutana na ule utokao mashariki, na hewa yenye unyevu hupandishwa juu ya vilima. Ifikapo alasiri mawingu huwa yametanda, na radi hufuata. Kwa hiyo walitoka alfajiri.

Pikipiki ilibeba watu wawili, hema la kuazima, sufuria, unga, na chane mbili za ndizi. Waliupita mji wa Kisii, wakaiacha lami, wakaanza kukwea barabara ya udongo mwekundu uliokuwa bado umelowa mvua ya jana. Palipokuwa na utelezi mwingi Mwalimu alishuka akatembea, huku kijana akiisukuma pikipiki kwa miguu yote miwili. Pande zote mbili za njia yalikuwapo mashamba: majani chai, migomba, mahindi, kisha mikaratusi kwenye mpaka, kisha shamba la mtu mwingine. Mwalimu aliangalia kama kuna mahali ambapo shamba moja linakwisha na jingine halijaanza. Hakupaona.

Pikipiki waliiacha kwenye duka la mtu aliyefahamiana na kijana, wakapanda kwa miguu. Ukingoni, upepo uliwapokea kwa nguvu. Chini waliuona mji wa Kisii, mabati yake yakimetameta, na Nyanchwa kikawa kilima kidogo miongoni mwa vilima. Mwalimu alitaja lile shimo la Manga liitwalo Ngoro ya Mwaga, ambalo wazee waliliheshimu kama mahali patakatifu. Kijana alisikiliza, kisha akauliza kama wageni wangependa kulipia kuliona. Mwalimu hakumjibu.

Ilipofika saa tisa, wingu lilikuwa limeshafunga upande wa magharibi. Kijana alianza kulisimamisha hema chini ya mti mrefu uliokuwa peke yake karibu na genge. Mwalimu alimkataza. Kisii ni nchi ya radi, na kila mtoto aliyekulia huko ameonywa asijikinge chini ya mti wa peke yake. Walishuka hatua kadhaa hadi kwenye kipande cha majani kilichokuwa kando ya ua wa michongoma, wakalifunga hema upesi. Mvua iliwakuta wakiigongomea mambo ya mwisho.

Hapo ndipo waliposikia sauti. Mwanamke mkongwe alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, amejifunika gunia kichwani.

"Bwairire, baba," Mwalimu alimsalimu. Msomaji wa pwani asishangae: katika Ekegusii, baba ni mama, na ndilo neno la heshima kwa mwanamke wa makamo ya mzazi wa mtu.

Bibi aliitikia, kisha akauliza wanafanya nini pale. Kijana, kwa uchangamfu wa mfanyabiashara, alimjibu kwa Kiswahili kwamba wamekuja kupiga kambi.

"Kambi?" bibi alisema. Alimtazama Mwalimu, akalitazama hema. "Ni nani aliyewafukuza, wanangu?"

Hakuna aliyecheka. Neno kambi, ambalo kwa kijana lilikuwa na maana ya mapumziko, halikuwa na maana hiyo katika masikio ya bibi. Wala si yeye peke yake. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908, majeshi ya Waingereza yaliingia Gusii, yakachoma nyumba na kutwaa mifugo. Kambi ya kwanza ya wageni ilikuwa ya bunduki. Mwaka 1992 mapigano ya kikabila yalizuka mpakani mwa Sotik na Borabu, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yakazuka tena. Kambi sasa ikawa turubai katika uwanja wa shule, foleni ya maji, na watoto walalao chini.

Bibi huyo alikuwa ameolewa huko mpakani. Nyumba yake iliteketezwa mara ya kwanza, akarudi akajenga. Mwaka 2008 ilipoteketezwa tena, hakurudi. Alikuja Manga kwa kaka yake, naye kaka akamkatia kipande cha ardhi, jambo lisilo la kawaida kwa binti aliyekwisha kuolewa. Kaka alipofariki, wanawe walianza kuuliza shangazi yao anakaa pale kwa haki gani. Kipande hicho ndicho kilichokuwa na hema.

"Likionekana hapa asubuhi," bibi alisema, "watasema nimeuza."

Walilibomoa hema mvuani, bila mjadala. Usiku huo walilala katika jiko la bibi, karibu na mafiga, baada ya kupika obokima kwa unga wao na mboga yake ya chinsaga. Mambo haya aliyasimulia kidogo kidogo, akinyamaza kila radi ilipopiga. Kijana, ambaye hakuwa mwepesi wa kunyamaza, hakusema neno hadi alipolala.

Asubuhi kulikuwa kweupe, na magharibi ziwa lilionekana kama mstari wa fedha. Waliposhuka, kijana aliuliza, "Mjomba, tungesemaje basi?"

Mwalimu alimjibu kama alivyowajibu wanafunzi wake. Kiswahili ni lugha ya kupiga: mtu hupiga magoti, hupiga moyo konde, hupiga kambi, na hupiga hodi. Vitenzi hivyo havilingani kwa uzito, na mpangilio wake una maana. Wao walikuwa wamepiga kambi mahali palipohitaji kwanza hodi. Hata wangetumia neno jingine, kosa lingebaki lile lile, kwani halikuwa kosa la msamiati tu. Walikuwa wamedhani ukingo ni mahali pa kutazama, ilhali kuna mtu anayeishi pale na hana pengine pa kwenda.

Kijana hakuiacha azma yake, na hakuna sababu ya kumtaka aiache. Pikipiki ile ndiyo shamba lake, naye hakurithi jingine. Lakini hajampeleka mgeni hata mmoja. Mwezi uliofuata alikwea Manga mara mbili akiwa na sukari na mafuta ya taa. Mara ya kwanza alizungumza na bibi. Mara ya pili alizungumza na watoto wa kaka yake, bibi akiwapo, ili isije ikasemwa kuwa jambo limefanywa gizani. Alipendekeza kwamba hema likisimama juu ya kipande kile, malipo yake yawe ya bibi, na wao wenyewe washuhudie kuwa kipande hicho ni chake.

Walimwambia watafikiri. Bado anangoja jibu. Mwalimu, kila atokapo nje asubuhi pale Nyanchwa, humwuliza kama limepatikana.