Mjomba na Basi la Kwenye Kompyuta

Wasomaji wangu, laptopu ya zamani msiitupe! Euro Truck Simulator 2, gemu la mwaka 2012 kutoka Prague, lilitoka na malori matupu. Basi mimi nililiongeza kwa modi. Unalidaka faili la .scs, unalitumbukiza kwenye folda ya mod, unaliwasha ndani ya gemu. Kasheshe ni toleo: modi mpya kwa gemu lililochoka, skrini inazima jumla. Na modi mbili zikigombana, ya juu kwenye orodha ndiyo inayotamba.

Jasho lote hilo kisa mjomba. Kaendesha basi Mombo–Lushoto miaka nenda rudi, kilomita 30 na ushee za kona tupu, mpaka mguu ukagoma. Tangu hapo ni mtu wa kukaa barazani kimya, akisikiliza honi za wenzake.

Nikampa kiti. Kwanza akanitazama nikishuka mlima, akafoka: “Mjomba, gia kubwa kwenye mteremko? Pale Soni ungeshatumaliza!” Akaninyang'anya kibodi, akashusha gia, akaiacha injini ilizuie basi. Breki hakugusa.

Saa nane usiku mkewe anamwita mara ya tatu. Jamaa kakaza macho: “Ngoja kwanza nishushe abiria.”