Mapigo ya Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku nilikaa kando ya kitanda cha mdogo wangu, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, macho kwenye simu. Mapigo 58 kwa dakika. Mchana yalikuwa 76.

Darasani kwetu, kwenye uzamili wa fiziolojia, hilo ni jambo la kawaida: saa ya mwili iliyo ubongoni hupunguza mwendo wa moyo usiku na kuupandisha alfajiri. Lakini mdogo wangu ana kifafa. Kikimshika usingizini, moyo hukimbia kana kwamba anafukuzwa. Na kwa wengi waliokaa nacho miaka mingi, hata siku tulivu moyo hupungukiwa ule wepesi wa kubadili mwendo. Kila mwaka, takriban mtu mzima 1 kati ya 1,000 wenye kifafa hufa ghafla. Wengi usiku, peke yao, wamelala kifudifudi. Katika vifo vilivyonaswa na mashine hospitalini, pumzi ilikatika kwanza, moyo ukafuata.

"Dada, unanihesabu tena?" aliuliza bila kufumbua macho.

"Lala."

"Ukinihesabu ndiyo sitakufa?"

Nilinyamaza. Nilijua kwamba ile 58 haikunihakikishia chochote kuhusu saa kumi. Kinachosaidia ni dawa zisizorukwa, na mtu wa karibu wa kusikia na kumgeuza ubavu.

Asubuhi nilihamishia godoro langu chumbani kwake. Siku hizi sihesabu. Namsikiliza akikoroma.