Nilivyooga na baba mkwe kule Japani

Ebwana eeh, msomaji wangu, wiki hii safari yetu ni ndefu kidogo. Hatuendi Bagamoyo wala Zanzibar. Tunakwenda Japani, tena sio Tokyo kwenye magorofa na taa za rangirangi, bali shamba kabisa, kijiji cha milimani kinachoitwa Kurokawa, mkoa wa Kumamoto, kisiwa cha Kyushu. Huko watu wanakwenda kwa kazi moja tu: kuoga. Wanaoga, wanakula, wanaoga tena, wanalala, na wakiamka wanaoga. Na wanaoga uchi wa mnyama, wanaume upande wao, wanawake upande wao.

Sasa hapo kwenye uchi ndipo ilipoanza kasheshe, maana nilikuwa nimeongozana na baba mkwe.

Mzee ni Msambaa wa Korogwe, mstaafu, alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge. Mimi na yeye kwa miaka 11 tulikuwa tunaishi kwa shikamoo na marahaba. Sababu naijua. Binti yake alipata ujauzito wangu kabla sijapeleka barua kwao. Nikalipa faini, nikalipa mahari, ndoa ikafungwa, lakini mzee akawa kama mtu aliyefunga duka. Nikiingia sebuleni, yeye anakumbuka ana kuku wa kuwaangalia. Mama mkwe ndiye aliyekuwa daraja letu, na Mwenyezi Mungu akamchukua mwaka 2021.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa anasoma chuo kikuu huko Kumamoto. Machi 2023 akamaliza, akataka baba yake awepo siku ya kupokea shahada. Tukachangishana, tukauza kiwanja (ndiyo, kiwanja!), tukaondoka watu watano: mzee, mimi, mama watoto, kijana wetu wa miaka 10 na dada yake wa miaka sita. Baada ya sherehe shemeji akasema hatuwezi kurudi nyumbani hatujaonja maji ya moto. Akakodi gari, akashika usukani. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo angalau hapo roho ilitulia.

Njia inapita mlima Aso. Kama umefika Ngorongoro, fikiria shimo kubwa kuliko lile, kilomita kama 25 kwa 18, halafu ndani yake badala ya nyumbu na tembo kuna miji, mashamba ya mpunga na reli ya treni. Katikati volkano iko hai, inafuka moshi, na watu chini yake wanaanika nguo kama hawaioni. Vilima vingi tulivikuta vyeusi tii. Kila baridi ikikaribia kuisha, wanavijiji huchoma nyasi kuukuu ili zichipue mpya za ng'ombe wao. Mzee alibandika uso kwenye kioo. "Kumbe na huku wanachoma," akasema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza toka tutoke mjini.

Moto huohuo wa chini ya ardhi ndio unaochemsha maji. Japani ina chemchemi za namna hii zaidi ya 25,000, na kuna hadi sheria yake, ya mwaka 1948: maji yakitoka ardhini yana nyuzi 25 au zaidi, au yana madini fulani ya kutosha, yana haki ya kuitwa onsen. Kwetu yapo pia, watu wa Tanga mnayajua ya Amboni yanayonuka kiberiti. Tofauti ni kwamba wenzetu wameyajengea nyumba.

Kurokawa yenyewe ina nyumba za wageni kama 30, zimejipanga kando ya mto mdogo, mbao nyeusi na kuta za udongo. Hakuna gorofa refu, hakuna bango la soda, hakuna muziki wa baa. Ukiiona utadhani iko hivyo tangu enzi za mababu, kumbe wapi! Barabara ya watalii ilipofunguliwa mwaka 1964 watu walijaa kidogo, kisha biashara ikadoda. Kila mwenye nyumba akatundika kibao kikubwa kuliko cha jirani, wakawa wanagombania wageni wachache kama makonda wa Mwenge.

Alikuwepo bwana mmoja, Goto Tetsuya, mwenye nyumba iitwayo Shinmeikan. Huyu alichukua patasi na nyundo akachimba mwamba wa nyuma ya nyumba yake kwa mkono, miaka na miaka, mpaka akapata pango la kuogea. Akapanda miti ya porini kuzunguka mabwawa yake. Majirani walimwona kichaa, ila wageni wakawa wanajaa kwake tu. Mwishowe wakaenda kumwuliza siri, naye akawafundisha. Mwaka 1986 wakakubaliana: mabango yote yang'olewe, kama 200 hivi, na kila nyumba iwe na bwawa la nje. Nyumba mbili hazikuwa na nafasi ya kuchimba. Wangeweza kuachwa wafe, lakini wenzao wakabuni pasi ya mbao, kipande cha mti wenye kamba cha kuvaa shingoni. Mgeni akiinunua, kama yeni 1,500 siku hizi, anaoga kwenye nyumba tatu anazozitaka yeye, haidhuru amelala wapi. Tangu hapo wanasema kijiji kizima ni nyumba moja: barabara ndiyo ukumbi, nyumba za wageni ndivyo vyumba.

Tukafika jioni. Mlangoni unavua viatu, na hutavigusa tena mpaka uondoke. Chumba hakina kitanda. Chini kuna mikeka minene ya majani inayonukia kama ghala la mpunga, meza fupi, birika la chai, basi. Godoro wanakuja kulitandika usiku wakati mnakula. Kila mmoja anapewa joho la pamba la kuvaa mchana na usiku, na mitalawanda ya kutembelea nje. Watoto walifurahi mno na mitalawanda, kijiji kizima kikawa ko-ko-ko.

Mzee akavaa joho lake, akatoka ukumbini. Mama mwenye nyumba kumwona, karibu adondoshe sinia. Akamkimbilia, akainama mara tatu, akaanza kumfungua mkanda. Mzee akaruka nyuma! Shemeji akatafsiri huku anajizuia kucheka: upande wa kushoto ndio unaokaa juu. Kulia ukiwa juu, hivyo huvalishwa maiti.

"Mwambie bado nipo nipo," mzee akasema.

Chakula sisemi sana, nitakutamanisha bure. Samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi na kijiti kinywani, uyoga, nyama ya ng'ombe wa Aso unayojichomea mwenyewe, vijibakuli zaidi ya kumi kwa kila mtu. Kukaja pia sahani ya nyama nyekundu, mbichi, imekatwa kama karatasi. Farasi! Ndiyo fahari ya Kumamoto. Mama watoto akaisukuma kwangu, mimi nikaisukuma kwa shemeji. Kwa wenye mpango wa kwenda, bei huhesabiwa kwa kichwa na sio kwa chumba, usiku mmoja na milo miwili si ajabu ikafika yeni 20,000 kwa mtu mzima. Ndipo utaelewa kiwanja.

Haya, kuoga. Shemeji alitukalisha chini akatusomea sheria. Unavua vyote, narudia, vyote. Kabla ya kuingia bwawani unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni na kujimwagia maji mpaka povu liishe, kwa sababu bwawani ni pa kujilowesha, uchafu unauacha nje. Kitaulo ulichopewa hakiingii majini, unakikunja na kukiweka kichwani. Wenye tatuu, masharobaro wa mjini mpo hapo? Sehemu nyingi hamruhusiwi, wenyeji zinawakumbusha majambazi wa yakuza. Na maji huwa ya nyuzi 40 hadi 42, kwa hiyo dakika chache, unatoka, unapoa, unakunywa maji. Mwenye presha au moyo amwone daktari kwanza, na pombe kabla ya kuoga ni mwiko.

Mzee alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja. "Na huyu naye ataingia humo?" Huyu ndiyo mimi.

Nikasema haraka, "Baba, mimi nimeshaoga asubuhi."

Mke wangu akanikanyaga mguu. Bahati nyumba zile zina bwawa dogo la familia, mnajifungia wenyewe kwa zamu. Jioni ile mzee akaoga huko peke yake, mimi nikabaki na kijana kwenye lile la wote. Upande wa kina mama mambo yalikuwa bomba. Mama watoto anasema bibi mmoja wa Kijapani alimsugua binti yetu mgongo bila kujua neno la Kiswahili hata moja, wakaelewana vizuri tu.

Usiku nje walikuwa wamewasha taa ndani ya matufe ya mianzi juu ya mto. Wenyeji huyatengeneza kila msimu wa baridi kwa mianzi inayokatwa kusafisha misitu. Nilimwona mzee amesimama darajani peke yake, joho limefungwa sawasawa sasa, anaangalia maji. Nilitaka kwenda kusimama naye. Sikwenda.

Alfajiri usingizi ukanikimbia. Nikafikiri, saa hizi bwawa la nje halina mtu. Mlangoni kuna mapazia mawili, na shemeji alinifundisha herufi ya wanaume: juu imechorwa shamba, chini yake nguvu. Asubuhi huwa wanabadilisha mapazia ili kila upande uonje mabwawa yote, kwa hiyo ukienda kwa mazoea utaingia kwa kina mama. Nikasoma herufi mara mbili. Nikavua, nikajisugua, nikafungua mlango wa nje. Baridi kali, pumzi inatoka moshi, mvuke umetanda huwezi kuona mkono wako. Nikatumbukiza mguu.

"Ingia, mwanangu, utapata kichomi."

Sikia, miguu ilikufa ganzi. Mzee alikuwa palepale, kichwa tu kinaonekana, kitaulo juu kama Mjapani aliyezaliwa pale. Kurudi siwezi, kusimama siwezi, ndiyo kwanza niko uchi mbele ya mkwe. Nikazama mpaka shingoni, nikakaa upande wa pili nyuma ya jiwe. Ilinichukua muda kutambua kwamba ameniita mwanangu.

Tukanyamaza. Maji yanaingia kwa mfereji wa mbao, ndege mmoja analia mtini.

"Mama yenu magoti yalimsumbua sana," akasema. "Maji haya yangemfaa."

"Kweli, Baba."

Kimya tena, kirefu. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Ile faini uliyolipa. Nilimnunulia cherehani. Hakutaka usimuliwe. Cherehani ile ndiyo iliyomlipia huyu mdogo wenu ada mpaka akamaliza fomu six."

Sikuwa na la kujibu. Miaka 11 nilikuwa nadhani ile hela ilikaa kooni mwa mzee kama mwiba. Nikawa natazama mvuke.

Naye akashika jiwe ainuke atoke. Alikuwa amekaa muda mrefu kupita tulivyoambiwa. Nikaona mkono unateleza, magoti yanalegea, anapepesuka. Hapo, bwana, mila zote zikaniruka kichwani. Nikamdaka kwapani, nikamkumbatia kifuani, tukatoka wote wawili kama tulivyozaliwa, nikamkalisha kwenye ubao, nikamfunika, nikamletea maji baridi. Alikuwa mwepesi. Sikujua kwamba mzee amekuwa mwepesi namna ile. Nilimshika mgongo mpaka macho yakatulia.

"Usimwambie binti yangu," akasema, baada ya kikombe cha pili.

Sikumwambia. Mama watoto anasoma habari hii leo pamoja na wewe, na mzee, nadhani, gazeti hili halifiki kwake Korogwe.

Siku ya pili, baada ya kifungua kinywa, mzee alitoka chumbani na pasi ya mbao shingoni. Amejinunulia mwenyewe, kwa kuonyesha vidole. "Twende," akaniambia, mbele ya watu wote. Shemeji akabaki mdomo wazi. Tukaenda watatu, mzee, mimi na kijana, ko-ko-ko mpaka nyumba ya kwanza, pango la yule bwana wa patasi. Mzee alipapasa kuta zile kwa kiganja, akatafuta alama za chuma. "Huyu alikuwa mtu," akasema. Ya pili ilikuwa bwawa la kando ya mto, na safari hii nilihesabu dakika kwa sauti, kijana akinisaidia. Mzee alitii, analalamika lakini anatoka.

Kijijini kuna kijibanda cha sala ambako watu hutundika pasi zao wakimaliza, zimejazana mamia. Kijana akamwomba babu atundike ya kwake. Mzee akaigeuza, akaitazama. Mihuri miwili tu.

"Bado moja," akasema, akairudisha ndani ya joho.

Pasi ile huisha muda baada ya miezi sita, na nilimweleza hivyo. Iko Korogwe, imetundikwa msumarini juu ya cherehani. Mwezi uliopita tulikwenda kumsalimia, nikamkuta ananisubiri sebuleni, na kuku wako nje bila mtu.