Uchovu wa Chuma

Chuma husifiwa kwa nguvu, lakini nacho huchoka. Katika njia ya Kitale kwenda Bungoma nilipata kuona trela la mahindi limevunjika ekseli. Watu waliulaumu mzigo wa siku ile. Nilipotazama mahali palipokatika, niliona sehemu kubwa ni laini, ina mistari mfano wa pete za mti. Sehemu ndogo tu ilikuwa yenye kukwaruza na kumetameta. Basi ufa ulianza zamani, ukakua kidogo kidogo kwa kila mtikiso wa njia, hata chuma kilichosalia kikashindwa.

Msiba huu si wa kwetu tu. Mwaka 1842, karibu na Versailles, Ufaransa, ekseli ya garimoshi ilivunjika, wakafa watu zaidi ya 50. Baadaye mhandisi Mjerumani, August Wöhler, alithibitisha kuwa mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi huvunja chuma kilichostahimili mzigo mkubwa wa mara moja.

Kutu huonekana, uchovu hujificha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ekseli hauzibwi: ekseli hubadilishwa. Anayeuona na kuupuuza huwalipisha wengine kwa roho zao.