Tulivyokaa Shambani kwa Hershel

Vijana wakibishana kuhusu tamthilia ya The Walking Dead, wewe taja tu msimu wa pili, watakuzomea kabla hujamaliza sentensi. Watasema ulipooza. Watasema watu walijifungia shambani, mtoto mmoja akatafutwa sehemu saba nzima, mazombi yenyewe ya kuhesabu. Mimi msimu ule naupenda kuliko mingine yote kumi. Jimiminie chai, nikusimulie ilivyokuwa.

Marekani ulianza kurushwa Oktoba 2011. Kwetu Magomeni ulifika kwa njia yake, ndani ya begi la kijana aliyetembeza CD, zile zilizobeba msimu mzima kwenye sahani moja, jalada limefifia wino. Ilikuwa enzi ya mgawo wa umeme, rika langu mnaukumbuka. Jioni mtaa ulinuka petroli, jenereta zinaunguruma kila uchochoro, ukitaka kusema na mtu sharti umsogelee sikioni. Mwenye mafuta ndiye aliyekuwa na wageni. Sebuleni kwetu walijaa wapwa zangu, vijana wa jirani, na mama mmoja muuza vitumbua aliyeingia kuomba kuchaji simu, akakaa mpaka sahani ikaisha. Dawa ya mbu inafuka mlangoni, kahawa inazunguka kwenye vikombe vidogo.

Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu sita tu, mbio mwanzo mwisho. Steringi, Rick Grimes, polisi, anazinduka hospitalini peke yake, mji wa Atlanta umejaa maiti zinazotembea. Vijana walishangilia kama wako uwanjani. Ule wa pili ulikuwa na sehemu 13. Unaanzia barabara kuu iliyozibwa na magari yaliyotelekezwa. Kundi la mazombi linapita, binti mdogo, Sophia, anakimbilia msituni na harudi. Katika kumtafuta, Carl, mtoto wa Rick, anapigwa risasi iliyokwisha kupita kwenye mwili wa kulungu. Ndipo Rick na wenzake wanapofika shambani kwa mzee Hershel Greene, daktari wa mifugo. Nyumba nyeupe, baraza pana, farasi, ng'ombe, nyenje wanalia mchana kutwa. Picha ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, ina chembechembe, na lile joto la Georgia unaliona kwenye mashati ya watu.

Wapwa zangu wakaanza kuguna. "Mjomba, hawa watamtafuta huyu mtoto mpaka lini?" Mama wa vitumbua akawageukia. "Mpaka apatikane. Angekuwa mdogo wako ungeuliza hivyo?" Wakanyamaza, maana vitumbua vya asubuhi walikuwa wakivikopa kwake.

Najua pia yaliyokuwa yakitokea nyuma ya kamera. Frank Darabont, aliyeileta hadithi kwenye televisheni, aliondolewa Julai 2011 kazi ikiwa inaendelea, Glen Mazzara akachukua usukani. Basi wapo wanaoliona shamba lile kama njia ya kubana matumizi. Lakini shamba la Hershel limo tangu kwenye vitabu vya picha vya Robert Kirkman, vilivyoanza kutoka mwaka 2003. Televisheni iliongeza kukaa. Ikatuachia muda wa kumzoea mzee, binti zake, meza yake ya chakula, na kanuni yake kwamba bunduki hazibebwi ovyo kwenye ardhi yake.

Sisi tunajua mambo ya mgeni siku mbili. Hershel aliwapokea, akamtibu Carl, lakini kila kukicha alikuwa akiwakumbusha kwamba pale si kwao. Wanakula chakula chake, wanalala kwenye mahema uani kwake, na huku wanampangia jinsi ya kuishi. Mvutano ule hauhitaji zombi hata moja. Kila nikiutazama namwonea huruma Rick, mgeni asiye na pa kwenda, akiomba siku nyingine moja kwa heshima zote.

Na kisima! Wanagundua kuna zombi limezama kisimani, limevimba kwa maji. Hawataki kulipiga risasi humo, lisije likaharibu maji. Wanamfunga kamba Glenn, kijana wa kundi la Rick, wanamteremsha awe chambo. Kamba inawaponyoka kidogo, sebule nzima ikapiga kelele. Wanalivuta, wanalivuta, limefika ukingoni, linakatika katikati, nusu ya chini inarudi majini na utumbo wote. Aliyewahi kuteka maji kisimani hakucheka. Yule mama alisema jambo moja tu, kwamba sasa watakunywa nini.

Tukafika sehemu ya saba. Hershel alikuwa amewafungia mazombi ghalani, akiwaamini kuwa ni wagonjwa watakaopona. Mkewe yumo mle, na mtoto wa kambo, na majirani. Vijana walimwita mjinga. Mimi niliona mtu ambaye hajakubali msiba wake. Kwetu maiti huzikwa, watu wakaketi matangani, wakalia, mwishoni wakaanua tanga. Mzee yule hakuwa amepata hata kimoja cha hayo. Shane, rafiki wa Rick, anavunja kufuli, wanatoka mmoja mmoja, wanapigwa risasi mbele ya macho ya Hershel aliyepiga magoti kwenye nyasi. Kisha kimya. Ndani ya ghala bado kuna sauti. Anatoka Sophia, wa mwisho, na alama ya meno shingoni. Mama yake, Carol, anakimbia kumfuata, Daryl, mwenzao mmoja, anamdaka. Wale wanaume wote waliokuwa wakijigamba na bunduki wameganda. Rick ndiye anayesogea mbele.

Jenereta iliendelea kunguruma, hakuna aliyesema neno. Wapwa zangu waliochoka kumtafuta yule mtoto walikuwa wameshika vichwa. Niambie, angepatikana sehemu ya pili, nani angeshika kichwa?

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Dale akafa, yule mzee wa kofia aliyekuwa akisihi watu wabaki na utu. Kisha Shane akamvizia Rick usiku malishoni ili amuue, Rick akamwahi kwa kisu. Steringi kumuua rafiki yake wa damu! Sebule ilivunjika vipande viwili kwa ubishi. Na Shane akainuka tena bila kuumwa na zombi lolote, tukajua kwamba ugonjwa umo ndani ya kila mtu. Mwishowe ghala likaungua na shamba likazidiwa.

Scott Wilson, aliyeigiza Hershel, alifariki Oktoba 2018. Tamthilia ilifika ukingoni Novemba 2022. Muuza CD hapiti tena, na wapwa zangu wanaangalia kila mtu kwenye simu yake, masikio yamezibwa, wanaruka wanapoona panachelewa. Ndivyo dunia inavyokwenda, ila ile sebule naikosa.

Mkubwa wao bado anashikilia kwamba msimu wa tatu, wa gerezani, ndio kiboko. Mapigano yake ni mazuri, simkatalii. Lakini kule gerezani, sehemu ya kwanza kabisa, Hershel anaumwa mguu na zombi, Rick anaukata kwa shoka, na mpwa wangu yule yule aliruka kwenye kochi akipiga kelele wamwokoe mzee. Nilimuuliza mzee huyo alimzoea wapi.